Kopo, foili au chungu? Njia tatu za kuchoma mkaa wa kuchorea nyumbani

Kila ninapomwambia mtu kwamba mkaa wa kuchorea nauchoma mwenyewe, hunitazama mimi, halafu hulitazama gunia la mkaa lililoegemea ukuta wa jikoni. Swali limeshaulizwa hata kabla hajafungua mdomo, basi nilijibu kwanza. Mkaa wa gunia unatokana na miti migumu, migunga na jamaa zake, na sifa yake ni kukaa na moto mpaka maharage yaive. Ugumu huohuo ndio unaouponza kwenye karatasi: unakwaruza, unaacha mstari wa kijivu, na ukikandamiza ili upate weusi, karatasi inachanika. Zaidi ya hapo umekuja na mchanga wa kwenye tanuri. Watoto wanauchorea ukutani na unawatosha. Kwa uso wa mtu mwenye kivuli chini ya shavu, hautoshi.

Kinachotakiwa ni vijiti vyembamba vya mti laini, vilivyoiva mpaka kiini, vinavyoachia weusi kwa kuguswa tu na kufutika kwa kidole. Vya dukani vipo kwenye maduka ya vifaa vya sanaa ya miji mikubwa, na ukiwa na haraka kanunue, si dhambi. Kwa anayetaka kuchoma vyake, njia nilizozitumia ni tatu: kopo la bati, karatasi ya foili, na chungu chenye mchanga. Zote tatu zimeshaniharibia vijiti, kwa hiyo hakuna ninayoidai wala inayonidai.

Kanuni ni moja. Mti ukipata moto pamoja na hewa, unaishia kuwa majivu. Ukipata moto bila hewa, unatoa kwanza maji yake, kisha moshi mzito wenye lami na gesi zinazowaka. Kwenye nyuzi 280 hivi za Selsiasi unaanza kuvunjikavunjika wenyewe kwa kasi, na ukifikishwa 400 hadi 500, kinachobaki ni kaboni kwa sehemu kubwa. Kopo, foili na chungu ni namna tatu za kuizuia hewa, basi.

Nitazipima kwa mambo matano: vifaa, moto na muda, dalili ya kuiva, vijiti vinavyotoka, na moshi pamoja na hatari zake. La tatu watu wengi hulipita haraka, nami naliweka mbele ya mengine. Huwezi kufunua ili uchungulie, maana ukifunua umeingiza hewa na kazi imekwisha. Kwa hiyo ni lazima chombo chenyewe kikuambie kwamba mkaa umeiva. Kuna kinachosema wazi, kuna kinachonong'ona, na kuna bubu.

Kwanza, vijiti vyenyewe

Njia yoyote utakayochagua, mti mbaya utakupa mkaa mbaya. Ulaya mti wa jadi ni wilo, unaoota kandokando ya mito. Kule Somerset, Uingereza, wilo hulimwa na kuchomwa kwa kazi hii mpaka leo. Mwenzake ni mzabibu. Wilo hutoa mstari mweusi zaidi, mzabibu hutoa wa kijivu kidogo na mwembamba, mzuri kwa kuanzia mchoro kabla hujakaza mkono.

Wilo kwetu si mti wa kuokota njiani, lakini mzabibu tunao. Dodoma mizabibu hupogolewa, na fito zilizokatwa hubaki zimelundikwa pembeni mwa shamba zikisubiri kuchomwa moto. Ukiwa na ndugu Hombolo, mwombe mzigo mmoja tu. Utakuwa na vijiti vya mwaka mzima, na hakuna mti uliokatwa kwa ajili yako.

Kwa asiye na ndugu Dodoma, mimi humshauri mforsadi. Fito zake zimenyooka, gome linabanduka vizuri, na mkaa wake ni laini. Mpera nimeujaribu, ukatoa vijiti vigumu vyenye mstari hafifu. Hilo utaliona kwa karibu kila mti mzito: uzito wake unabaki kwenye mkaa. Mti wa muhogo una kiini laini katikati, kwa hiyo kijiti hutoka na tundu kama mrija, huvunjika kwa kuangaliwa, lakini kwa kujazia sehemu pana zenye giza si mbaya. Mwanzi lazima uupasue kwanza. Pingili iliyozibika ina hewa ndani, ikipata moto hulipuka, na mshindo wake ndani ya kopo huwatoa watu vyumbani.

Usiguse mnyaa, ule wa kwenye nyua za vijijini. Utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Usiguse oleanda ya bustanini kwa sababu ina sumu, wala vipande vya mbao vilivyopakwa rangi au dawa ya mchwa.

Kata vijiti vya sentimita 10 hadi 15, unene wa penseli au zaidi kidogo kwa sababu vitasinyaa. Bandua gome lote, maana gome lililobaki hutoka magamba na kuchafua karatasi. Anika kivulini wiki mbili au tatu mpaka kijiti kikikunjwa kinakatika kwa mlio, hakipindi. Mti mbichi unapoingia motoni mvuke wake huupasua na kuupinda, na hakuna chombo kitakachokuokoa na hilo.

Kopo la bati

*Vifaa.* Kopo la maziwa ya unga au la kahawa, la chuma, lenye kifuniko cha chuma kinachobana. Kopo la soda halifai kwa sababu ni aluminiamu, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo jiko linalopepewa vizuri hulifikia. Usitumie pia chombo cha bati lililopakwa zinki, mvuke wake ukipata moto mkali ni mbaya kwa mapafu. Toboa tundu moja tu kwenye kifuniko kwa msumari mdogo. Bila tundu, mvuke utakirusha kifuniko hicho. Kabla ya kutia kijiti, lichome kopo likiwa tupu, nje, mpaka rangi na utando wa ndani viungue viishe. Halafu simamisha vijiti vimebanana, na mapengo yajaze vipande vidogovidogo, maana pengo ni hewa.

*Moto na muda.* Jiko la mkaa linatosha, moto wa kuni ni bora kwa sababu unalizunguka kopo pande zote. Kopo la kawaida huchukua kama saa moja, na likijaa sana saa moja na nusu.

*Dalili ya kuiva.* Hapa kopo halina mpinzani. Kwanza tundu hutoa moshi mweupe mwepesi, huo ni mvuke wa maji. Baada ya muda moshi unakuwa mzito, wa manjano, wenye harufu kali inayokwama kooni. Upelekee njiti ya kiberiti, nao utashika, kwa sababu sasa ni gesi: mwali mdogo unasimama juu ya tundu kama wa kibatari. Mwali huo ndio saa yako. Utawaka, utapungua, utarukaruka, kisha utazimika wenyewe. Ukiuwasha tena ukakataa kushika, na moshi umekatika, mkaa umeiva. Liondoe kopo motoni kwa koleo, na tundu lizibe hapohapo kwa donge la udongo.

*Vijiti vinavyotoka.* Vingi, 30 na kuendelea kwa kopo moja. Vya pembeni huiva kabla ya vya katikati, kwa hiyo usishangae viwili vitatu vikiwa na kiini cha kahawia. Baadhi hupinda. Kuvifunga mafungu kwa waya mwembamba kabla ya kuvitia kunasaidia.

*Moshi na hatari.* Huu ndio udhaifu wake. Kabla mwali haujashika, kopo hutoa moshi kuliko ukubwa wake unavyoahidi. Nilipokuwa nimepanga chumba kwenye nyumba yenye ua mmoja, mama mwenye nyumba alitoka na upawa mkononi: "Mwanangu, unapika nini hicho kisicholiwa?" Nguo za watu wanne zilikuwa kwenye kamba. Tangu siku hiyo huchoma asubuhi na mapema, na gesi naiwasha mara tu inapokubali kushika, kwa kuwa ikiungua moshi unapungua sana. Moshi huu una kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua waliolala. Usichome ndani hata dirisha likiwa wazi.

Karatasi ya foili

*Vifaa.* Foili ya jikoni, ile ya kuchomea samaki. Basi. Vijiti vitano hadi vinane huvingirishwa mara tatu, ncha zikakunjwa na kukunjwa tena.

*Moto na muda.* Uzuri wake ni kwamba hauwashi moto kwa ajili yake. Umemaliza kupika, makaa yamebaki mekundu chini ya majivu: kifurushi kinaingia hapo, kinafukiwa kwa majivu ya moto, na kinaachwa dakika 40 hadi saa moja. Usikiweke katikati ya makaa yanayopepewa. Kumbuka zile nyuzi 660. Nimewahi kurudi nikakuta matone ya fedha yanang'aa kwenye majivu, na vijiti havipo.

*Dalili ya kuiva.* Foili ni bubu. Moshi kidogo utaponyoka kwenye mikunjo, kisha utakoma, na kama upepo unavuma huenda usiuone kabisa. Ninachofanya ni kukinyanyua kifurushi kwa koleo na kukipima uzito. Mti ukiwa mkaa hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, kifurushi kinakuwa chepesi kama kitupu. Ni kipimo cha mkono, kinahitaji mazoea, na mara tatu nne za mwanzo utakosea.

*Vijiti vinavyotoka.* Vichache, na vya bahati. Kitobo kidogo kama cha sindano kinatosha kugeuza ncha ya kijiti kuwa jivu. Lakini vinavyosalimika hunyooka vizuri, kwa sababu foili imevibana.

*Moshi na hatari.* Moshi ni haba, hata jirani mwenye pua kali hatakujua. Foili yenyewe ni ya mara moja, haikunjwi tena.

Ningeiacha njia hii kama isingekuwa na faida moja ambayo nyingine hazina: ni ya kujaribia. Ukikutana na mti mpya hujui tabia yake, kata vijiti vitatu, vingirisha, fukia baada ya chakula cha usiku. Asubuhi unajua kama mti huo unastahili kopo zima.

Chungu chenye mchanga

*Vifaa.* Chungu cha udongo au sufuria ya chuma iliyostaafu, mchanga wa mtoni uliochekechwa na kukaushwa kabisa, kifuniko, na udongo wa mfinyanzi wa kuzibia. Mchanga unyevu utafoka mvuke na kupasua chungu. Tandaza mchanga, laza vijiti visigusane, funika kwa mchanga, laza tena, mpaka juu. Funika, kisha ziba ukingo kwa udongo lakini acha ufa mdogo wa kupumulia.

*Moto na muda.* Mrefu. Mchanga hupata moto polepole na hupoa polepole, kwa hiyo tarajia saa tatu au nne za moto wa wastani, na kuni zake. Ukiwa jirani na mwoka mikate mwenye tanuri la kuni, mambo yanabadilika. Mchoraji wa Italia Cennino Cennini, aliyeandika kuhusu kazi za ufundi wa rangi miaka ya 1400 hivi, alishauri hivyohivyo: funga vijiti vya wilo mafungu, vipange kwenye chungu kipya, ziba kwa udongo, mpelekee mwoka mikate jioni anapofunga kazi, kiache tanurini mpaka asubuhi. Joto la tanuri lililobaki linafanya kazi usiku kucha, na hakuna kuni mpya inayoungua. Miaka 600 imepita na sijaona wa kumsahihisha.

*Dalili ya kuiva.* Chungu hunong'ona. Moshi hutoka kwenye ufa, ukawa mzito, kisha ukawa mwembamba wa samawati, kisha ukakoma. Lakini mchanga unauchelewesha, na moshi ukikoma vijiti vya katikati huenda bado. Ongeza nusu saa. Kuzidisha kidogo kwenye chungu hakuharibu, kwa kuwa hewa haiingii.

*Vijiti vinavyotoka.* Hapa ndipo chungu kinapolipa gharama yake. Mchanga unashikilia kila kijiti mahali pake, havipindi, na joto linavifikia vyote kwa usawa. Hata vijiti vinene kama kidole gumba, ambavyo kwenye kopo hupasuka, hutoka vizima. Kazi ya baadaye ni kuvifuta mchanga kwa brashi, maana punje moja iliyobaki itakwaruza karatasi.

*Moshi na hatari.* Wa wastani, umetawanyika kwenye saa nyingi. Hatari kubwa ni chungu kupasuka katikati ya kazi. Kipashe moto kwa taratibu.

Jambo ambalo njia zote zinalitaka

Kupoa. Mkaa ulio moto ukikutana na hewa huwaka upya bila kiberiti. Mara yangu ya kwanza na kopo nilingoja robo saa, nikaona limepoa kwa kugusa nje, nikafungua. Vijiti vilikuwa vyeusi tii, vimenyooka, vizuri mno. Nilipokuwa bado navishangilia, ncha zikaanza kuwa nyekundu moja baada ya nyingine kama sigara zinazovutwa na mtu asiyeonekana, na kwa dakika chache nilikuwa na kopo la majivu. Kopo lingoje saa tatu au nne, chungu kilale mpaka kesho yake. Kifurushi cha foili hupoa upesi zaidi, lakini nacho kiache kipoe kabisa kabla ya kukifungua.

Ukishafungua, kiangushe kijiti kimoja juu ya sakafu ya saruji. Kilichoiva hulia kwa mlio mwembamba, kama kigae. Kibichi hutoa mlio mzito wa mti. Kisha chora. Mstari ukiwa na ukahawia na kijiti kinateleza bila kuachia, hakijaiva, kirudishe motoni kwenye awamu ijayo. Kikivunjika vumbi kwa kushikwa tu, ama mti ulikuwa laini mno ama hewa iliingia. Visage hivyo, vumbi lake lipakae kwa kitambaa unapotaka kivuli kipana.

Sasa, wewe ni yupi?

Umepanga chumba, jiko lako ni la mkaa, majirani wako karibu, na unataka vijiti vya kujifunzia tu wikiendi hii: foili. Choma mafungu mawili kwa pamoja, ukijua kwamba moja linaweza kupotea.

Una ua wako, unachora kila wiki na vijiti vinakuishia: kopo. Tafuta mawili, moja likipoa jingine liko motoni. Hata anayefundisha darasa la watoto 20 au 30 asihangaike na kingine, na wanafunzi wakae mbali kidogo waone mwali unavyosimama juu ya tundu, watakumbuka kuliko ungewaeleza.

Unapika kwa gesi au umeme na huna mahali pa kuwasha moto wa nje: hakuna hata moja kati ya hizi inayokufaa, na usijaribu kopo juu ya jiko la gesi ndani ya nyumba. Wapelekee nduguzo wa kijijini vijiti vilivyokwisha kubanduliwa na kukaushwa, au kanunue.

Unachora picha kubwa, unataka vijiti vinene vilivyonyooka, na siku nzima ya kukaa na moto unayo: chungu. Kama kuna mwoka mikate mtaani, nenda kwake jioni, nunua mikate miwili kwanza, halafu ndipo umweleze kilichomo kwenye chungu.

Na ukipata fito za mti usioujua, hata kama kopo lako liko tayari na moto umewaka, anza na vijiti vitatu kwenye foili.